Mama Vipimo na Paneli Mia Tatu na Kumi na Mbili

Kwii. Kwii. Kwii.

Ni sauti ya kalamu nene nyeusi ikiandika tarakimu tatu mgongoni mwa paneli ya sola. Aliyewahi kupita mbele ya duka la mama yetu kati ya saa saba na saa tisa mchana aliisikia. Ukiisikia mara tatu, ujue namba imeshaandikwa na hakuna wa kuibadilisha, si mteja, si mume, si mhandisi mwenye shahada yake. Juzi mwenye viti vya kukodi alikuja hapa kuandika namba chini ya viti vyake kwa kalamu ya aina hiyo, na watu wazima wanne wakageuka kwa pamoja kumtazama. Maskini, akaomba radhi bila kujua kosa lake.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Vipimo, alizaliwa siku ya Jumatatu tarehe 9 Machi 1953, saa kumi na moja alfajiri, akiwa mtoto wa kwanza wa fundi seremala na mshonaji wa mashuka ya hospitali. Kadi ya zahanati inasema alizaliwa na kilo tatu na robo. Yeye mwenyewe alishikilia maisha yake yote kuwa mizani ya zahanati ile ilikuwa inazidisha, na kwamba alizaliwa na kilo tatu kamili. Hatujui alijuaje. Tulipomuuliza alisema, “Nyie andikeni tatu.” Basi tumeandika zote mbili, na msomaji achague.

Baada ya miaka kumi na mmoja, mwaka 1964, alizaliwa mdogo wake wa kiume, ambaye ni mjomba wetu. Wazazi walikuwa kazini kutwa, kwa hiyo aliyembeba mgongoni, aliyemwogesha na aliyemfundisha kuhesabu vifungo vya shati ni marehemu. Tunamtaja mjomba mapema hivi kwa sababu bila yeye maisha ya mama yetu hayasimuliki, na kwa sababu wote mliopo hapa mnajua kuwa kwa miaka kumi ndugu hawa wawili hawakusemezana. Hatutajifanya hamjui.

Marehemu alianza shule ya msingi mwaka 1961 na kumaliza mwaka 1967, kisha akasoma sekondari mpaka mwaka 1971. Alikuwa mwanafunzi mzuri na msumbufu. Akiwa darasa la sita aliipima rula ya mwalimu wa hesabu kwa futi ya baba yake ya useremala, akagundua kuwa imepungua milimita nne kwa sababu ncha yake ilikuwa imelika. Alisimama na kusema hivyo darasani. Aliadhibiwa kwa rula hiyohiyo. Alipofika nyumbani akilia, baba yake alidhani analia kwa maumivu, kumbe analia kwa sababu rula bado inatumika.

Mwaka 1972 aliajiriwa katika ofisi ya mizani na vipimo, na baada ya mafunzo ya miezi tisa akapewa sanduku la mbao lenye mawe ya kupimia, kila jiwe likiwa limelala kwenye shimo lake la kitambaa. Alizunguka na sanduku hilo miaka ishirini na sita. Alipima mizani za sokoni, za maghala, za bandarini na za wauza dhahabu, na hakuna siku aliyopokea hata soda. Kazi ile ilimfundisha mambo mawili, nayo ndiyo yaliyotutesa sisi.

La kwanza, kifaa hakisomwi kikiwa kimeguswa sasa hivi. Kinaachwa kitulie, kizoee mahali pake, ndipo kinasomwa. La pili, mizani iliyokataliwa mbele ya wateja, ikishatengenezwa, haitoshi kupelekewa cheti kimyakimya. Afisa anarudi saa ya wateja wengi, anapima tena, na anatangaza kwa sauti kuwa mizani hii sasa ni nzima. Hilo la pili halikuwa limeandikwa popote. Lilikuwa lake. Alisema, “Nimemvua nguo hadharani, nitamvisha chooni?”

Hivyo ndivyo alivyompata baba yetu. Baba alikuwa na bucha, na mwaka 1975, Jumamosi moja asubuhi, marehemu aliingia na sanduku lake mbele ya wateja kumi na mmoja na kuitangaza mizani ya bucha kuwa inakula gramu sitini. Baba aliapa kwamba hakujua. Aliitengeneza. Marehemu akarudi, akaipima, ikakutwa inakula gramu kumi. Akaikataa tena. Mara ya tatu ikawa sawa, naye akageuka kwa wateja na kutangaza, “Mizani hii ni nzima. Huyu bwana si mwizi, ni mvivu tu wa kufuta mafuta.”

Baba anasema wateja walicheka, na yeye akasema palepale, “Dada, sasa maadamu umeshanipima mara tatu, mimi nakufaa au sikufai?”

Akajibiwa, “Kwanza utulie.”

Alitulia mwaka mzima. Walifunga ndoa tarehe 4 Septemba 1976 na kujaliwa watoto watatu.

Mwaka 1998 ofisi ilipunguza wafanyakazi, na marehemu akarudishwa nyumbani na sanduku lake. Tulidhani atapumzika. Tarehe 1 Oktoba 2001 alifungua duka la paneli za sola kwenye chumba cha mbele, kando ya bucha. Wakati ule sola ilikuwa kitu cha kushangaza. Paneli ilikuwa ndogo kama sinia, ya wati ishirini, na aliyeinunua alialika majirani waje kuona taa. Mteja wake wa kwanza alikuwa kinyozi, wa pili zahanati, wa tatu mwenye mashine ya kusaga, ambaye alitaka paneli moja izungushe mashine nzima na alikasirika sana alipoelezwa.

Halafu paneli zikaanza kuja kwa wingi kutoka nchi za mbali, bei ikishuka kila mwaka, na pamoja nazo ukaja uongo. Paneli imeandikwa mia, ndani yake mna hamsini na tano. Mtu anafunga paneli nne juu ya bati, friji ya chanjo inazima saa kumi jioni, anaambiwa jua la huku halifai. Jua la huku! Hapo marehemu alikasirika kikweli. Akanunua mita. Kila paneli iliyoingia dukani aliilaza juani juu ya mabati ya uani, akaiacha itulie saa nzima kama alivyofundishwa, akaipima, akakwangua lebo ya kiwandani kwa kisu cha bucha, na kuandika namba yake mwenyewe. Kwii, kwii, kwii.

Tuwe wakweli: alikamata wezi wengi. Kuna wafanyabiashara watatu waliobadilisha barabara ili wasipite mbele ya duka lake. Lakini kibiashara ilikuwa balaa. Sikilizeni mazungumzo haya, tuliyoyasikia kila wiki:

“Mama, jirani ana ya mia na hamsini, bei hiihii.”

“Ya jirani na yangu zimetoka boksi moja.”

“Lakini ya kwako imeandikwa mia na ishirini.”

“Imeandikwa ukweli.”

“Sasa mama, mimi nikale ukweli au nikafunge mia na hamsini?”

Na mteja anavuka barabara. Baba, akiwa dirishani mwa bucha na kisu mkononi, anaita, “Mke wangu, si ungeacha tu lebo yao?” Anajibiwa, “Na wewe si ungeacha tu mafuta yako?”

Mjomba wetu wakati huo alikuwa nje. Aliondoka mwaka 1989, akahangaika kwenye maghala ya nchi mbalimbali, na mwishowe akapata kazi katika nchi wanakotengeneza paneli, kwenye kiwanda chenyewe. Alikaa mwishoni mwa mstari wa uzalishaji, mahali paneli inapopimwa. Aliandika barua nzuri sana. Alieleza jinsi vipande vyembamba vyeusi vinavyoungwa kwa nyuzi za bati, vinavyofunikwa kwa kioo, vinavyookwa kama mkate, na jinsi paneli inavyoingia kwenye chumba baridi ambako taa kubwa inawaka mara moja kama radi na namba inatokea. Alieleza kuhusu nchi ambako mapaa yamejaa paneli mpaka watu wanaiuzia serikali umeme. Marehemu alizisoma barua hizo kwa sauti mezani, na alipofika mwisho alisema kila mara, “Huyu nimemlea mimi.”

Mwezi Februari 2012, mjomba akiwa amejikusanyia fedha kwa miaka, alimtumia dada yake kontena. Paneli mia tatu na kumi na mbili, kila moja wati mia mbili hamsini, kutoka kwenye mstari wake mwenyewe. Mkokoteni ulifanya safari siku nzima. Marehemu alitoa ya kwanza kabisa bila hata kuipima, akaipeleka kufungwa juu ya nyumba ya mama yao, bibi yetu. Siku iliyofuata, saa saba mchana, alianza kupima zilizobaki.

Mia mbili na nane. Mia mbili na saba. Mia mbili na nane.

Alipima hamsini. Hatukula mchana. Kisha akapiga simu, na sisi tulikuwa pale.

“Umezipima vipi, dada?”

“Kwa mita.”

“Zikiwa za moto?”

“Jua ni moto. Ulitaka nizipime ndani ya friji?”

“Dada, kiwandani zinapimwa zikiwa baridi, digrii ishirini na tano. Paneli ikichemka inapungua. Zote duniani ziko hivyo, hata za mfalme.”

“Basi waje waishi ndani ya hicho chumba na hiyo taa yao. Wateja wangu wanaishi chini ya bati.”

“Sijakuibia, dada.”

“Mita haina undugu,” akasema, na kukata.

Aliziandika zote namba moja: mia mbili na nane. Alipanda hata juu ya nyumba ya mama yake mzazi na kuandika kwenye ile ya kwanza.

Kama ingeishia hapo tungesema ni ugomvi wa simu. Lakini tarehe 15 Juni 2013 ilikuwa harusi ya binti yake wa pili. Mjomba alisafiri siku mbili kuja. Mshereheshaji, mtu wa maneno mengi, akamsimamisha na kumsifu kuwa ndiye mjomba aliyetuletea jua kwa kontena. Watu wakapiga vigelegele. Marehemu akainuka kwenye meza ya wazazi, akaenda mpaka mbele, akachukua kipaza sauti mkononi mwa mshereheshaji.

“Jua hilo mnalolipigia vigelegele limeandikwa mia mbili hamsini,” alisema. “Limefika mia mbili na nane. Nimepima mwenyewe. Huyu ni mdogo wangu, nimemlea mgongoni, na amenitumia uongo mia tatu na kumi na mbili.”

Waalikwa walikuwa mia na tisini. Keki ilikuwa bado haijakatwa. Mjomba aliweka chupa yake ya soda mezani polepole, akaifuta meza pale ilipolowa, akatoka. Bibi harusi alilia mpaka vipodozi vikashuka shingoni, na si kwa furaha. Mpaka leo video ya harusi ile ina mahali pa kuruka.

Tarehe 11 Aprili 2017, mvua ilinyesha tangu alfajiri. Saa nne ikakatika ghafla na jua likatoka kali. Mteja mmoja mwenye haraka, mwalimu wa chekechea, alikuwa amesimama mlangoni anataka paneli yake na hakutaka kusubiri saa nzima ya kutulia. Marehemu, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, alikubali. Alitoa paneli moja ya kontena lile kutoka stoo, ikiwa na ubaridi wa mvua, akaigeuzia jua na kusoma palepale. Daftari lake tunalo. Limeandikwa hivi: saa nne na dakika kumi, 249. Dakika tano baadaye, 238. Kisha 229. Kisha 220. Saa tano na dakika kumi, 209. Chini ya hapo ameandika neno moja: Kumbe.

Kwa hiyo mjomba alikuwa amesema kweli. Kule kuacha kitulie, ambako kwa mizani ni haki, kwa paneli kulikuwa ni kuipika kwanza ndipo uiulize ina nguvu gani. Kuna watakaosema, na baba alisema, kwamba hata hivyo mteja juu ya bati lake anapata mia mbili na nane hiyohiyo. Ni kweli. Lakini hilo ni suala la joto. Kumwita ndugu yako mwizi ni suala jingine, na marehemu alilijua hilo kuliko sisi wote. Alifunga duka siku mbili akidai kichwa kinauma.

Sasa hapa, enyi mlioondokewa pamoja nasi, ndipo tunapoomba mtuvumilie, kwa sababu sisi wenyewe bado hatujavumilia. Nyumba ya bibi, yenye ile paneli ya kwanza, iko mwendo wa dakika ishirini kwa mguu. Namba ya simu ya mjomba ilikuwa ukutani, imeandikwa kwa mkono wa marehemu mwenyewe. Mtu mwingine yeyote angepiga. Mama yetu alinunua spiriti, pamba na ngazi.

Akiwa na miaka sitini na minne alianza kupanda mapaa ya watu. Nyumba kwa nyumba, paneli moja baada ya nyingine, alifuta mia mbili na nane na kuandika mia mbili hamsini, na kumwambia kila mwenye nyumba usoni, “Nilikosea. Ilikuwa nzima.” Kinyozi aliambiwa. Zahanati iliambiwa, daktari na wagonjwa waliokuwa foleni. Mwenye mashine ya kusaga aliuliza kama paneli huwa zinakua, akaambiwa, “Haikukua. Ni mimi niliyekuwa mfupi.” Sisi alituambia anakagua nyaya. Tulipata habari kutoka kwa mteja wa nyama.

Tulimnyang'anya ngazi. Akaazima. Baba alifunga ngazi kwa mnyororo wa bucha. Akanunua nyingine. Mwaka 2019 aliteleza na kuvunjika kifundo cha mkono, na tukashukuru, Mungu atusamehe, tukidhani yamekwisha. Alijifunza kuandika kwa mkono wa kushoto.

“Nenda kwa mdogo wako kwanza,” baba alimwambia.

“Nitaenda nikimaliza za wengine.”

“Za wengine ni mapaa mia tatu!”

“Ndiyo maana niache niende.”

Mwaka huohuo wa 2019 mjomba alirudi kabisa na kuhamia nyumba ya bibi, ambaye alikuwa amekwishafariki. Akawa analala chini ya paneli ile ya kwanza. Alipanda kuisafisha, akaiona mia mbili na nane kwa mwandiko wa dada yake, akaiacha. Tulimwambia kuwa dada yake amejua. Akasema, “Nimesikia kwa kinyozi, nimesikia zahanati, nimesikia mpaka kwa mwuza maji. Yeye sijamsikia.” Tulimwambia basi afute mwenyewe. Akasema, “Aliyeiandika ana mikono.” Walifanana, na hatujui tumlaumu nani kwa hilo, maana mmoja alimlea mwenzake. Kama kulikuwa na jambo la ukoo, lilipitia kwa baba na karatasi za nyama: “Mwambie dada yangu mkutano ni saa nane.” “Mwambie mdogo wangu saa yake inachelewa dakika sita.”

Tarehe 22 Oktoba 2022 marehemu alimaliza paneli ya mia tatu na kumi na moja, kwenye ile shule ya chekechea. Ikabaki moja. Siku nane baadaye miguu yake ilivimba. Madaktari walikuta figo zimechoka, na kuanzia Novemba alipelekwa kusafishwa damu mara mbili kwa wiki. Wauguzi wa wodi ile tunawashukuru, na tunawaomba radhi kwa yote aliyowaambia kuhusu mizani yao. Mwezi Julai 2023 aliomba arudi nyumbani. Tarehe 10 Agosti, akiwa hawezi kuketi bila kushikwa, alifungua macho na kusema, “Nileteeni ngazi.”

Baba hakubisha. Alivua aproni, akafunga bucha, jambo ambalo hajawahi kulifanya siku ya kazi, akaenda kwa miguu mpaka nyumba ya bibi. Anasema aliongea sentensi mbili tu: “Shemeji, anataka ngazi. Hawezi hata kukaa.”

Mjomba akaingia ndani, akatoka na spana.

Kesho yake asubuhi, Ijumaa tarehe 11 Agosti, alifika hapa akiwa na paneli kwenye toroli, imeviringishwa blanketi. Ana miaka hamsini na tisa, na aliifungua yeye mwenyewe juani juu ya bati na kuishusha bila msaada. Aliiingiza chumbani, akaiegemeza ukutani, mgongo wa paneli ukimwelekea dada yake.

“Hodi, dada.”

Marehemu aliitazama paneli kabla ya kumtazama yeye. “Imekaa juani muda gani?”

“Ilikuwa kwenye blanketi.”

“Vizuri. Basi imepoa.”

Binti wa marehemu alilowesha pamba kwa spiriti. Marehemu alifuta mwenyewe, kidogo, akapumzika, akafuta tena. Ilichukua karibu nusu saa, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Kisha akapewa kalamu, na mjomba akaisogeza paneli mpaka kitandani na kuishikilia kwa magoti. Kwii. Tukasubiri. Kwii. Tukasubiri sana. Kwii. Mbili imelala, tano inaonekana kama mtu aliyebeba mzigo, na sifuri haikufunga. Ndiyo kazi mbovu kuliko zote alizowahi kutia mkono. Iko juu ya nyumba ya bibi sasa hivi, na inawasha taa.

Alipomaliza alimwashiria mjomba ainame. Alisema kitu sikioni mwake. Sisi tulikuwa mlangoni na hatukusikia. Baba aliuliza, “Amesema nini?” na mjomba akapita katikati yetu, akaenda kukaa kwenye benchi la bucha, akabaki pale mpaka kivuli kikahama.

Mama yetu alifariki Jumatatu tarehe 14 Agosti 2023, saa nne na dakika kumi asubuhi, akiwa na miaka sabini, miezi mitano na siku tano. Tumehesabu mara mbili.

Ameacha mume mmoja, watoto watatu, wakwe watatu, wajukuu saba na mdogo wake mmoja. Ameacha pia ngazi tatu, ambazo mwenye shida anaweza kuja kuzichukua kabla hatujazichoma. Mungu amlaze pahali palipopoa, na kama huko kuna mizani, tunawaombea subira wenyeji wake.

Limebaki jambo moja. Jana mjomba alituambia yale aliyonong'onezwa. Hakutaka kuyasema, lakini alisema kuwa dada yake alimwagiza: yasomwe kwa sauti, siku ambayo watu watakuwa wengi kama wale wa harusini. Wengi wenu mlikuwapo siku ile. Tumewahesabu kwa macho tangu mnaingia, na leo mmezidi mia na tisini.

Tunamwomba mjomba asimame pale alipo.

Dada yako alisema, kwa sauti ndogo ambayo sisi hatukuwahi kuisikia kwake: “Zilikuwa nzima zote, mdogo wangu. Mimi ndiye niliyezianika.”